Sikio ni Mahali Tu

Sikio la mbwa lililoharibika hujulikana kwa pua kabla ya macho. Mbwa wangu Chapo alipokuja kulala miguuni mwangu jioni ile, nilidhani kuna mtu ameficha busaa chini ya kiti ikachacha. Kisha akatikisa kichwa, masikio yakampiga mashavuni pa-pa-pa, na tone la kitu cha kahawia likaruka hadi kwenye sketi yangu. Nikainama nikanusa. Haikuwa busaa.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka huo. Mara ya kwanza nilienda agroveti, nikaeleza, nikapewa kichupa cha matone, nikatia siku tano, harufu ikaisha, kichupa nikakipandisha juu ya kabati. Mara ya pili nikakishusha kilekile. Mara ya tatu kilikuwa kikavu, na Chapo alikuwa akilia hata nikimgusa shingo. Wenye mbwa hapa Budalang'i wanaijua hadithi hii, ingawa wengi huikatisha mapema: mbwa akianza kunuka hufungwa nyuma ya zizi, na hapo ndipo husahaulika.

Sisi tunaoishi chini ya tuta la mto Nzoia tuna jibu moja kwa kila ugonjwa: maji. Mtoto akikohoa ni maji, kuku wakifa ni maji, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Mvua za masika za 2024 zilipotuhamisha tulipanda juu ya tuta na magodoro na masufuria, na Chapo akaogelea nyuma yetu, kichwa tu kikionekana. Wiki mbili baadaye sikio likaoza. Nani angehitaji daktari kumweleza sababu?

Lakini daktari wa mifugo niliyempelekea Chapo mara ile ya tatu hakuuliza habari za mafuriko. Aliuliza anakula nini, analala wapi, kama ana paka wa kulala naye, na kama huramba miguu. Nilimkatiza: "Daktari, ni sikio ndilo linalomsumbua." Akacheka. "Mama, sikio ni mahali tu. Ugonjwa wenyewe ndio tunautafuta."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, na ndiyo ninayotaka kumpa mwenye mbwa ambaye sikio limemrudia mara mbili au zaidi. Usaha na harufu ni wageni waliokuta mlango wazi. Bakteria na kuvu wanaoozesha sikio la mbwa mara nyingi ni walewale wanaoishi kwenye ngozi yake kila siku bila kumdhuru. Wanapozaliana kupita kiasi, kuna kitu kilichowaandalia: unyevu, mdudu, mbegu ya nyasi, au ngozi yenyewe kuvimba kwa sababu ya mzio. Ukiwaua wageni ukaacha mlango wazi, watarudi. Watu wa hapa tunajua tofauti ya kuziba tuta kwa magunia ya mchanga usiku na kushughulikia maji yanayoteremka kutoka milima ya Cherang'ani. Magunia ni ya lazima, usiku ule huna lingine. Lakini hakuna anayeyaita dawa ya mafuriko.

Kwanza ujue umbo la kitu unachokitibu. Tundu la sikio la binadamu huenda karibu moja kwa moja. La mbwa hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuelekea ndani, kama herufi L au kama mfereji wa shamba la mpunga unapopinda kuingia jaruba. Ngoma ya sikio iko mwisho wa kona. Ndiyo maana ukichungulia kwa tochi huoni chochote cha maana, na ukiingiza kijiti cha pamba unasukumia uchafu ndani kwenye kona na kuushindilia. Ndiyo maana pia maji yakiingia hayatoki kirahisi. Mbwa wetu wa kienyeji wenye masikio yaliyosimama wana nafuu kidogo kwa sababu hewa hupita. Wale chotara wenye masikio mazito yaliyolala, wanaoletwa siku hizi kutoka Kisumu na Busia mjini kwa sifa ya ulinzi, wana paa juu ya tundu lenye unyevu.

Sasa tazama kabla hujanunua chochote. Ni sikio moja au yote mawili? Sikio moja lililoanza ghafla, mbwa akitikisa kichwa kama mwendawazimu tangu asubuhi, mara nyingi limeingiwa na kitu: mbegu kali ya nyasi, kupe, au mdudu. Hapo hakuna tone litakalosaidia mpaka kitu kitolewe, na kikiwa kimepita kona atakitoa daktari, pengine kwa dawa ya usingizi. Masikio yote mawili yanayorudi kuumwa yanaelekeza kwenye mzio au utitiri. Kwa mbwa mzee, sikio moja lisilopona kabisa huenda lina uvimbe ndani, na kwa huyo usikae miezi ukijaribu matone.

Kisha uchafu wenyewe. Ukiwa mkavu na mweusi, kama unga wa kahawa uliobaki kwenye kichujio, fikiria utitiri wa masikio, hasa kwa mbwa mdogo na hasa kama kuna paka nyumbani. Paka anaweza kubeba utitiri huo bila hata kujikuna, na jikoni kwetu paka na mbwa hulala jivu moja. Mtibu mbwa peke yake, na paka atamrudishia ndani ya mwezi. Yai la utitiri huchukua kama wiki tatu kuwa mdudu mkubwa, kwa hiyo tiba ya siku tano huua wazazi na kuwaacha watoto. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya kuchachuka ndio wa kuvu. Huo ndio uliokuwa kwenye sketi yangu. Usaha wa manjano au kijani, majimaji, wenye uvundo unaokufanya ugeuze uso, ni wa bakteria, na ule wa kijani mara nyingine huwa wa aina sugu ambayo dawa za kawaida haziigusi.

Nasema "mara nyingine" na "fikiria" kwa makusudi, kwa sababu rangi hudanganya. Daktari wangu alichukua pamba, akaipitisha sikioni, akaipaka kwenye kioo kidogo, akakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alinionyesha: vitu vidogo kama nyayo za viatu, vingi mno, vyote kuvu. Matone niliyokuwa nikitia miezi yote ile yalikuwa ya kuua bakteria. Nilikuwa nikimwagilia kuvu shamba lililopaliliwa vizuri. Ukimpata daktari mwenye hadubini, mwombe kipimo hicho kila sikio linaporudi. Leo linaweza kuwa kuvu na mwezi ujao bakteria. Na usione haya kumwuliza anayemtibu mbwa wako kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka asajiliwe, daktari na wasaidizi wa mifugo pia, na aliyesajiliwa huonyesha karatasi yake bila kununa.

Hapa niseme jambo kuhusu vichupa. Matone ya gentamisini ya macho na masikio ya binadamu yanapatikana katika kila duka la dawa kuanzia Port Victoria hadi Malaba, na bei yake inavutia. Kwa sikio ambalo ngoma yake ni nzima huenda yasilete madhara makubwa. Lakini maambukizi ya muda mrefu hutoboa ngoma, na dawa za jamii hiyo zikipita upande wa pili zinaweza kuharibu usikivu na usawa wa mwili. Mbwa kiziwi wa ulinzi ni hasara ya aina yake. Kabla ya kutia kitu chochote, mtu aliye na kifaa cha kuchungulia aangalie kama ngoma ipo.

Kuhusu mambo mengine tunayomwaga masikioni, nitakuwa mkali. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, spiriti, dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe iliyochanganywa kwa kukadiria: vyote nimeviona, vingine kwa watu ninaowaheshimu. Ngozi ya ndani ya sikio lililovimba ni kama kidonda kibichi. Mafuta ya taa juu yake yanaunguza, na mbwa aliyefanyiwa hivyo mara moja hatakuruhusu tena kumshika kichwa. Dawa ya kupe yenye amitrazi haikutengenezwa kwa ajili ya tundu hilo. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe nayo hutumiwa ovyo. Ina nguvu ya kutosha mnyama wa mamia ya kilo, kosa dogo kwenye sirinji ni kosa kubwa kwa mtoto wa mbwa wa kilo tatu, na mbwa wenye damu ya Collie wanaweza kufa nayo. Aipime daktari, baada ya kumpima mbwa uzito.

Kusafisha ndiko kazi yako mwenyewe, na ndiko wengi tunakokosea kwa kuzidisha au kwa kuogopa. Sikio zima, lisilonuka, la waridi na kavu, usiliguse. Lenye uchafu lazima lisafishwe kabla ya dawa, la sivyo unapaka dawa juu ya tope. Dawa ya kusafishia inayouzwa kwa ajili ya mbwa ni bora. Ukiikosa, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, funika, acha yapoe hadi yawe vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Maji baridi sikioni humtia mbwa kizunguzungu.

Fanyeni wawili. Mmoja anamkumbatia mbwa amekaa, mgongo wa mbwa umeegemea kifua. Kama anauma, mfunge mdomo kwa kitambaa kipana kwa dakika hizo chache tu, maana mbwa hujipoza kwa kuhema. Vuta sikio juu taratibu, mimina mpaka tundu lijae. Usiogope kujaza. Kisha bana chini ya sikio, pale panapojisikia kama bomba laini chini ya ngozi, na usugue polepole. Utasikia chwapu-chwapu. Sauti hiyo ndiyo unayoitaka, ni maji yamefika kwenye kona. Hesabu hadi thelathini, mwachilie, rudi nyuma hatua tatu. Atatikisa kichwa na kukuletea mbele ya macho kile ambacho kijiti cha pamba kingezika. Pangusa pale ambapo kidole chako, kilichovikwa kitambaa laini, kinaweza kufika, na uishie hapo. Akilia sana, akianza kuyumba au kuinamisha kichwa upande, acha. Ngoma huenda imetoboka.

Halafu tia dawa uliyoandikiwa, kwa siku zote ulizoandikiwa. Harufu hutoweka siku ya nne au ya tano, na hapo ndipo tunapoacha, mimi nikiwa wa kwanza. Wadudu waliobaki siku hiyo ya tano ndio wagumu kuliko wote. Wiki mbili ni kawaida, na sikio sugu huchukua zaidi. Kinachoonyesha kwamba limepona ni kioo cha hadubini kilicho safi. Pua yako si kipimo.

Chapo alipona. Nami, kwa kuwa bado nilikuwa nikiamini ni maji, nikaanza kumkausha masikio kwa kanga kuukuu kila alipotoka kuogelea mfereji wa mpunga. Hiyo ni tabia njema na sijaiacha. Lakini daktari alikuwa amenipa kazi nyingine: niweke alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku nitakayomwona akijikuna sikio au akiramba miguu. Kalenda yetu ni ile ya bure inayogawiwa na maduka mwezi wa Desemba. Nikaandika S kwa sikio na M kwa mguu.

Mwezi wa Aprili, mvua, S nyingi. Sawa. Mei hivyo hivyo. Lakini Januari na Februari, Nzoia ikiwa imejikunyata na Chapo akioga vumbi tu, S na M zilikuwa zimejipanga kama omena kwenye nyavu za kuanikia. Maji yalikuwa yakizidisha, hayakuwa yakianzisha.

Mbwa anayeramba nyayo zake mpaka manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu, mwenye wekundu tumboni na masikio mawili yasiyopona, mara nyingi ana mzio. Mzio unaweza kuwa wa viroboto, na hao lazima uanze nao kwa sababu ni rahisi: tibu mbwa, fagia na kumwagia maji ya moto pale anapolala, tibu wanyama wote. Unaweza kuwa wa vitu vya hewani, kama vumbi na chavua. Na unaweza kuwa wa chakula. Kwa mbwa, vyakula vinavyoongoza kulaumiwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano.

Ngano! Dada yangu ana hoteli ndogo karibu na ufuo, na chapati zilizolala hazijawahi kutupwa. Jina la Chapo lilitoka huko huko.

Kipimo cha damu cha mzio wa chakula hakina maana kwa mbwa. Njia inayoaminika ni moja, nayo inachosha. Kwa wiki nane mbwa anakula vitu viwili tu ambavyo hajawahi kula maishani. Tuliketi tukifikiria Chapo hajala nini, na orodha ilikuwa fupi. Ugali amekula, omena amekula, ngege, mifupa ya ng'ombe, maini ya kuku. Tukaishia viazi vitamu vya kuchemsha na nyama ya sungura, ambao jirani anawafuga. Ilikuwa gharama. Si kila mtu ataiweza, na anayemlisha mbwa mabaki ya mezani hana sababu ya kuona aibu. Basi aondoe kitu kimoja tu anachokishuku kwa wiki nane na aangalie kalenda. Si kipimo kamili, ila ni bora kuliko kichupa cha tano. Kwa mbwa mchanga anayekua usifanye jaribio hili bila daktari, mlo huo haumtoshi.

Ugumu hauko jikoni. Mbwa wa Budalang'i hula anakopita: matumbo ya samaki ufuoni, kinyesi cha ng'ombe, sima ya mtoto wa jirani. Kwa wiki nane Chapo alikaa kwa mnyororo mrefu chini ya mwembe, akitembezwa asubuhi na jioni, na alinitazama kama mtu aliyenishtaki kwa chifu. Wiki ya tano M zikapungua. Wiki ya saba sikuandika chochote. Kisha ikaja sehemu ambayo wengi huiruka: nikamrudishia chapati, moja kwa siku. Kitu chenyewe kikiwa ndicho, mkuno hurejea ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ulirejea siku ya nne.

Kuna mambo mawili siwezi kuyaacha.

Mbwa anayejikuna kwa nguvu hupasua mishipa, na sikio huvimba ghafla kama andazi lililoumuka. Usilitoboe kwa wembe. Damu itajaa tena na usaha utaingia. Mpeleke kwa daktari, na kile kilichomfanya ajikune kitibiwe pia.

La pili ni zito. Maambukizi yakizama hadi sikio la ndani, mbwa huinamisha kichwa upande, huzunguka duara, macho humchezacheza, huanguka, na akiguswa huuma. Kijijini mbwa wa namna hiyo huitwa mwenye kichaa na kupigwa mawe, na siwezi kumlaumu anayeogopa, kwa sababu kwa macho matupu hutajua. Mfungie mahali bila kumkaribia, usiguse mate yake, mwite afisa wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, ukiulizia chanjo. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kimataifa ya ugonjwa huo, mara nyingi huwa kuna chanjo za bure za mbwa. Mchanje mbwa wako. Kushika kichwa cha mbwa mwenye maumivu kila siku kwa wiki mbili ni kazi ya kuumwa, na ni heri uumwe na mbwa aliyechanjwa.

Chapo bado anaitwa Chapo. Mwezi uliopita niliona S mbili kwenye kalenda, kwa mwandiko usio wangu. Mpwa wangu wa darasa la nne ndiye aliyeziandika. Nilipomwuliza, akasema alimwona Chapo akijikuna, akajua kwa nini, akaona aseme kwa kalenda kuliko kwa mdomo.